Unga wa protini: chagua kopo kwa lebo, ladha itengeneze mwenyewe

Malalamiko ya wanunuzi tunayopokea kuhusu unga wa protini yanaongezeka, na mengi huja kwa maneno yaleyale: mchungu, una mabonge, unanuka, kwa hiyo ni feki. Mara nyingi unga wenyewe hauna kasoro, umechanganywa vibaya. Wakati huohuo makopo yanayostahili kulalamikiwa hayaletwi, kwa sababu yana utamu wa kunywewa hadi tone la mwisho. Ladha inarekebishika kwa dakika 5. Kilichomo ndani ya kopo hakirekebishiki, na hapo ndipo macho ya mnunuzi yanatakiwa yawe.

Tuanze na mabonge. Kimiminika hutangulia, unga hufuata. Ukitanguliza unga, unajibana kwenye kona za chupa na maji hayaufikii. Bonge lenyewe huzaliwa hivi: chembe za nje zinalowa upesi, zinageuka utando unaonata, na ndani ya utando huo unga unabaki mkavu kabisa. Kwa hiyo mimina kwanza mililita 150 za maji au maziwa baridi, tia gramu 30 za unga, tikisa kwa sekunde 20, ongeza mililita 100 nyingine, tikisa tena, kisha iache chupa mezani dakika 3 hadi 5. Huo muda wa kusubiri ndio wengi wanaouruka. Povu linatulia na chembe zilizosalia zinanyonya maji.

Kipimo hicho ni cha wei, yaani protini inayotokana na maji yanayobaki jibini linapotengenezwa. Keseini, protini nyingine ya maziwa, hunywa maji mengi na kuwa nzito kama uji. Ipe mililita 350. Unga wa njegere una chembechembe kama mchanga na harufu ya udongo: mililita 350 hadi 400, dakika 10 za kulowa, halafu blenda pamoja na ndizi iliyogandishwa. Kuutikisa tu kwa mkono ni kujitafutia karaha.

Kwenye kahawa au uji wa moto, wei huanza kuganda joto likifika nyuzi 70 hivi, mfano wa ute wa yai. Lishe haipotei, ila utakunywa vipande. Koroga unga na maziwa baridi mililita 50 hadi upate rojo laini, ndipo uongeze kahawa kidogo kidogo ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 60.

Uchungu una dawa ndogo kuliko watu wanavyodhani: chumvi, isiyozidi robo gramu kwa chupa. Chumvi hupunguza uchungu unaosikika mdomoni kabla hata haijaonekana kama chumvi. Vijiko viwili vya chai vya kakao isiyo na sukari hufunika harufu ya maziwa yaliyochemshwa, na kijiko kimoja cha siagi ya karanga huondoa ukakasi kwa sababu mafuta yanalainisha ulimi. Baridi nayo husaidia, kwani kinywaji baridi hutoa harufu kidogo. Kinachokera zaidi mara nyingi ni utamu wa kupita kiasi. Sukralosi ni tamu takriban mara 600 kuliko sukari, na stevia huacha uchungu nyuma ya ulimi. Asiyeivumilia anunue unga usiotiwa ladha, aongeze tunda mwenyewe.

Kuhusu tunda, kuna jambo linalotuletea makopo yasiyo na hatia. Nanasi, papai na kiwi, vikiwa havijapikwa, vina vimeng'enya vinavyokata protini vipande vifupi, na vipande hivyo ni vichungu. Kinywaji kilichokuwa kitamu saa moja asubuhi kinakuwa kichungu kufikia saa mbili, na mlalamikaji anaandika kwamba unga una sumu. Hauna. Kugandisha tunda hakuui vimeng'enya hivyo. Joto ndilo huviua, kwa hiyo nanasi la kopo halina shida. La sivyo, ukishasaga kunywa hapohapo.

Kinywaji kilichochanganywa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya friji. Ndani ya friji kimalizwe siku hiyohiyo au kesho yake. Chupa inayonuka haihitaji sabuni ya kunukia bali kufunguliwa sehemu zake zote, hasa mpira wa kifuniko, na kulowekwa kwenye maji yenye siki.

Sasa lebo. Chukua makopo mawili, yote yameandikwa kwa herufi kubwa "gramu 24 za protini". La kwanza kipimo chake ni gramu 30, la pili gramu 45. Gawanya: 24 kwa 30 ni asilimia 80, 24 kwa 45 ni asilimia 53. Kopo la gramu 900 la aina ya kwanza linakupa vipimo 30 na gramu 720 za protini; la pili vipimo 20 na gramu 480. Nafasi iliyobaki imejazwa sukari, unga wa maziwa, krimu ya unga na maltodekstrini (aina ya wanga), na ndiyo sababu la pili ni tamu zaidi. Wei ya kawaida huwa na protini asilimia 70 hadi 80. Iliyochujwa zaidi hufika 90 na laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, ni kidogo sana, hivyo inamfaa anayevimbiwa na maziwa. Pima kwa mizani, si kwa kijiko cha plastiki, maana unga hushindiliwa njiani na kijiko kilekile hubeba uzito tofauti.

Kuna ujanja mwingine usioonekana kwa hesabu hiyo. Kipimo cha kawaida cha maabara hakihesabu protini yenyewe. Huhesabu nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25, au 6.38 kwa bidhaa za maziwa. Chochote chenye nitrojeni hupandisha namba. Hivyo ndivyo melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, ilivyopitishwa kwenye maziwa nchini China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008. Kwenye unga wa protini mbinu ni ya upole zaidi: huongezwa glisini, taurini au kreatini, vitu vya bei nafuu vinavyosomeka kama protini. Ukiviona kwenye orodha ya viambato bila kiasi chake kutajwa, rudisha kopo rafuni. Vivyo hivyo kwa "mchanganyiko maalumu" ambao haugawi gramu za kila kitu.

Kiasi kinachohitajika kinazidishwa mno. Kwa mtu mzima mwenye afya anayefanya mazoezi ya kuinua vyuma, gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha kwa wengi, na juu ya 2.2 hakuna faida ya maana. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112, na sehemu kubwa tayari iko kwenye sahani yake. Unga unaziba pengo, basi. Haujengi msuli kwa asiyeinua kitu, na tumelisema hili mara nyingi kiasi cha kuchosha. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaouzuia mwili kuvunja asidi amino iitwayo fenilalanini, aepuke kitamishi cha aspatemu na amuulize daktari wake kuhusu unga wowote wa protini.

Katika virutubisho vingine, kinachostahili pesa, kikinunuliwa peke yake, ni kreatini monohaidreti, inayosaidia nguvu ya misuli, gramu 3 hadi 5 kila siku. Kuanza na gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne kwa siku 5 hadi 7, kunaharakisha tu. Si lazima, na baadhi huishia kuharisha. Uzito wa kilo moja au mbili unaoongezeka mwanzoni ni maji ndani ya misuli. Usiichanganye ikakaa siku kadhaa, kwani ndani ya maji hugeuka polepole kuwa kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu kuangalia figo. Na ukienda kupima figo mwambie daktari unaitumia, maana inaweza kupandisha kreatinini ya damu bila figo kuwa na tatizo. Asidi amino zenye matawi (BCAA kwenye lebo) hazina kazi kwa anayefikisha protini yake. Unga wa kunenepesha ni maltodekstrini kwa jina la kifahari. Vya kusisimua kabla ya mazoezi vihesabiwe pamoja na kahawa: mtu mzima asivuke miligramu 400 za kafeini kwa siku. Kubwia unga mkavu bila maji ni kutafuta kupaliwa.

Mwanamichezo wa mashindano ana mzigo wa ziada. Utafiti uliogharamiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ulipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001; 94 vilikuwa na homoni zisizotajwa kwenye lebo. Chini ya Kanuni ya Dunia ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2021, kilichomo mwilini ni jukumu lako, ujue usijue. Steroidi, homoni za kujenga misuli, huanzia adhabu ya miaka 4. Ukithibitisha kuwa bidhaa ilichafuliwa na kwamba hukuzembea sana, adhabu hushuka kuanzia onyo hadi miaka 2. Kuthibitisha ni kazi yako, si ya anayekushtaki. Tafuta alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, mipango inayopima virutubisho kutafuta vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, kisha linganisha namba ya toleo (ya kundi la makopo yaliyotengenezwa pamoja) kwenye tovuti yao, kwa kuwa alama iliyochapishwa kwenye kopo hata mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuiweka. Alama hiyo hupunguza hatari, haiimalizi. Weka akiba kopo moja lisilofunguliwa la toleo hilohilo.

Mwenye shaka ya kweli, kwa mfano unga wenye harufu ya kadibodi, uliogeuka kahawia, au uliokuletea mapigo ya moyo kwenda mbio, asiuhamishie kwenye mfuko mwingine na asiutupe. Uache ndani ya kopo lake, uandike tarehe uliyolifungua, upige picha lebo yote pamoja na namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ueleze ulichanganya na nini, kiasi gani, kikakaa muda gani. Kopo lililofunguliwa linatupatia mwelekeo tu. Sampuli rasmi huchukuliwa na mkaguzi kutoka kopo lililofungwa la toleo hilohilo, ndiyo inayoweza kusimama mbele ya sheria dhidi ya muuzaji. Asiye na risiti apokelewe. Asiye na namba ya toleo hatuna pa kuanzia.