Namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi wa baraza la wilaya England: mfano wa Mid Suffolk

Ijumaa ya tarehe 5 Mei 2023, siku moja baada ya kura kupigwa, wilaya ya Mid Suffolk iliyoko mashariki mwa England ilitangaza matokeo ambayo hayakuwahi kuonekana katika nchi ile. Kati ya viti 34 vya baraza la wilaya, Chama cha Kijani kilipata 24, Conservative kikapata 6 na Liberal Democrats kikapata 4. Chama cha Kijani, ambacho hoja yake kuu ni utunzaji wa mazingira, kiliwahi kuongoza jiji la Brighton and Hove kuanzia mwaka 2011, lakini wakati huo kiliongoza kikiwa na viti pungufu ya nusu. Mid Suffolk ndilo baraza la kwanza England kushikwa na chama hicho kwa wingi wake chenyewe.

Habari hiyo ilifika kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ikiwa mstari mmoja ndani ya habari kubwa zaidi, kwamba tarehe 4 Mei uchaguzi ulifanyika katika mabaraza 230 na chama cha Conservative, kilichokuwa madarakani, kilipoteza viti zaidi ya 1,000. Mstari huo ni wa kweli, ila haumsaidii mtu kuelewa kilichotokea Mid Suffolk. Chama cha Labour ndicho kilichoongeza viti vingi zaidi England siku hiyo, lakini katika baraza hili hakikupata hata kimoja. Hasira dhidi ya serikali iliyokuwapo inaeleza kwa nini Conservative walishuka, lakini haielezi kwa nini viti vyao vilichukuliwa na Kijani. Matokeo ya wilaya husomwa kuanzia chini, kwenye kata, na humalizikia kwenye swali la madaraka: baraza lililopatikana linaweza kuamua nini?

Kwanza niweke wazi jambo la majina. Kwa Kiswahili tumezoea kusema Uingereza tukimaanisha dola nzima. Hapa nasema England kwa makusudi, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina mifumo yao ya serikali za mitaa, na mabaraza ya wilaya ninayoyazungumzia ni ya England pekee. Yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1974, nayo yapo katika maeneo yenye ngazi mbili, yaani baraza la kaunti juu na mabaraza kadhaa ya wilaya chini yake.

Neno wilaya nalo linaweza kumpoteza msomaji. Mtanzania akilisikia humfikiria mkuu wa wilaya, aliyeteuliwa na Rais. England hakuna cheo cha namna hiyo, na serikali ya London haina mwakilishi wake aliyekaa juu ya madiwani wa Mid Suffolk. Wala hakuna viti maalumu vinavyogawiwa vyama baada ya kura kuhesabiwa. Kila diwani kati ya wale 34 alisimama katika kata yake, ambayo Mkenya angeiita wadi, na kila mmoja ana kura zake zilizoandikwa kwenye tangazo la matokeo.

Tangazo hilo ndilo waraka wa kwanza ambao ninawasihi watu wausome kabla ya kusoma uchambuzi wa mtu yeyote. Hutolewa na msimamizi wa uchaguzi kwa kila kata, nalo huonyesha jina la mgombea, chama chake, kura alizopata, nani amechaguliwa, na idadi ya kura zilizoharibika pamoja na sababu za kukataliwa kwake. Hapo ndipo makosa mengi ya hesabu huanzia. Mid Suffolk ina kata zenye diwani mmoja na kata zenye madiwani wawili. Katika kata yenye viti viwili, mpigakura ana haki ya kuweka alama kwa wagombea wawili, lakini halazimiki kufanya hivyo. Tuseme watu 1,000 wamefika kituoni katika kata kama hiyo: jumla ya kura kwenye tangazo inaweza kukaribia 2,000, na anayezijumlisha akadhani amepata idadi ya wapigakura atakuwa ameongeza watu wasiokuwapo. Tena chama kinaweza kusimamisha mgombea mmoja tu mahali palipo na viti viwili, kikaonekana dhaifu kwenye asilimia za jumla ilhali mgombea wake huyo ameongoza kata nzima. Katika wilaya za vijijini hutokea pia mgombea akakosa mpinzani na kupita bila kupingwa. Kata hiyo huwa haina kura za kuhesabiwa kabisa, ingawa kiti chake kimo katika jumla.

Anayeshinda ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata zikiwa pungufu ya nusu. Kwa utaratibu huo, chama chenye kura za wastani kila mahali kinaweza kuambulia viti vichache, na kilichojikita vizuri katika kata chache kikashinda viti vya kata hizo. Binafsi naona asilimia za kura za wilaya nzima, ambazo magazeti hupenda kuziweka mbele, ndicho kipimo chenye udhaifu mkubwa kuliko vyote tulivyo navyo. Hesabu inayotawala baraza ni ya viti.

Basi tuitazame hesabu hiyo ilivyosogea Mid Suffolk. Katika uchaguzi wa mwaka 2019, wa kwanza baada ya viti kupunguzwa kutoka 40 hadi 34, Conservative walipata 16, Kijani 12, Liberal Democrats 5 na mgombea binafsi 1. Nusu ya 34 ni 17, kwa hiyo wingi unaanzia viti 18. Ukiwajumlisha Kijani na Liberal Democrats unapata 17. Ukiwajumlisha Conservative na yule diwani binafsi unapata 17 pia. Mizani ilikuwa sawasawa, na Conservative wakaendelea kuongoza. Miaka minne baadaye Kijani walihitaji kuongeza viti 6 tu ili wafike 18, nao wakaongeza 12. Kwa hiyo ushindi wa 2023 haukuwa mvua iliyonyesha bila mawingu. Tayari theluthi moja ya baraza ilikuwa mikononi mwao, katika vijiji na miji midogo ambayo watu wa mbali wangedhani ni ngome ya kudumu ya Conservative. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024, Adrian Ramsay wa Kijani alichaguliwa kuwa mbunge wa Waveney Valley, jimbo jipya lililochukua sehemu ya wilaya hiyo na sehemu ya kaunti jirani ya Norfolk.

Baada ya matokeo, hatua inayofuata haifanyiki kituoni. Kiongozi wa baraza la Mid Suffolk hachaguliwi moja kwa moja na wananchi kama gavana wa kaunti nchini Kenya. Madiwani humchagua katika mkutano wao, naye huongoza kamati ndogo ya madiwani wenye dhamana ya idara mbalimbali. Mwaka 2023 walimchagua Andrew Mellen wa Chama cha Kijani. Watumishi wa baraza, akiwamo mtendaji mkuu, hubaki kazini chama chochote kinaposhinda, kwani ajira yao haifuati chama.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi kwa jirani. Mid Suffolk na wilaya ya Babergh hutumia watumishi wale wale na mtendaji mkuu yule yule, na ofisi zao zimo katika jengo moja mjini Ipswich, ambao hauko ndani ya wilaya yoyote kati ya hizo mbili. Wapigakura wa Babergh walipiga kura siku ile ile, kuchagua madiwani 32, na hakuna chama kilichopata wingi. Hivyo watumishi wale wale walianza kupokea maelekezo kutoka kwa chama kimoja chenye viti 24 upande huu, na kutoka kwa baraza ambalo kila uamuzi wake unahitaji maafikiano upande wa pili. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kumfundishia mwanafunzi tofauti kati ya kushinda uchaguzi na kupata wingi.

Sasa tuje kwenye mipaka ya ushindi wenyewe, ambayo ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi. Baraza la wilaya huamua maombi mengi ya vibali vya ujenzi, huandaa mpango wa matumizi ya ardhi, hushughulikia makazi na watu wasio na pa kuishi, hukagua usafi wa migahawa na huzoa taka za majumbani. Barabara, shule, maktaba, huduma kwa wazee na watoto walio hatarini ni kazi za baraza la kaunti. Hata taka zimegawanywa: wilaya huzichukua mlangoni, kaunti hushughulikia utupaji wake wa mwisho. Baraza la Kaunti ya Suffolk, lililo juu ya Mid Suffolk, lilikuwa limechaguliwa mwaka 2021, ambapo Conservative walipata viti 55 kati ya 75 na Kijani 9. Mkazi wa mji wa Stowmarket aliyewapigia Kijani mwaka 2023 akitarajia shimo la barabarani lizibwe alikuwa ameipeleka barua yake kwa anwani isiyo yake. Kodi ya makazi nayo inachanganya watu, kwa kuwa bili hutumwa na wilaya, ilhali sehemu kubwa ya fedha hupelekwa kwenye kaunti, na sehemu nyingine kwenye polisi na mabaraza ya vijiji.

Juu ya kaunti ipo London. Mpango wa kujenga njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Norwich hadi Tilbury, unaopita katika ardhi ya Mid Suffolk, ulizua mjadala mkali katika vijiji vya eneo hilo. Lakini miradi ya ukubwa huo huamuliwa na waziri. Baraza la wilaya linaweza kutoa maoni, kupinga, kudai mabadiliko. Haliwezi kuusimamisha, liwe na viti 18, 24 au vyote 34. Na madaraka haya ya wilaya yenyewe yanaweza kuondoka kabisa, kwa sababu Desemba 2024 serikali ya Labour ilichapisha waraka wa sera unaopendekeza ngazi hizi mbili ziunganishwe kuwa mabaraza ya ngazi moja katika maeneo yote zilikobaki.

Kuna wakati kiti kimoja huwa na uzito kuliko 24. Mwaka 2017 katika kaunti ya Northumberland, Conservative walikuwa na viti 33 kati ya 67, wakihitaji kimoja tu kupata wingi. Katika kata ya South Blyth kura zao na za Liberal Democrats zilihesabiwa tena, zikalingana. Sheria inasema kura zikilingana msimamizi aamue kwa kura ya bahati. Wagombea wakachomoa vijiti na wa Liberal Democrats akashinda. Wingi ukapotea hapo hapo. Asiyeridhika na matokeo ya uchaguzi wa mitaa ana siku 21 za kuwasilisha malalamiko mahakamani.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa jambo linalonigusa kuliko yote, kwa sababu ninalirudia kila ninapokutana na Waswahili wanaoishi Uingereza na bado wengi hushangaa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, yakiwamo mataifa ya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, anayeishi England kihalali na kutimiza umri wa kupiga kura, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi hizi bila kusubiri uraia wa Uingereza. Mwenye kibali cha kuishi bila ukomo anaweza hata kugombea udiwani. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo, kwa kuwa nchi zao si wanachama wa Jumuiya hiyo. Wao hupata haki hiyo wakiwa raia. Nawaomba wenye haki wasiiache ilale.

Uchaguzi huo wa Mei 2023 ulikuwa wa kwanza England nzima kudai kitambulisho chenye picha kituoni. Tume ya Uchaguzi ilieleza baadaye kwamba watu wapatao 14,000 waliofika vituoni hawakupiga kura kwa sababu hiyo. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata ikiwa imekwisha muda wake, mradi picha bado inafanana na mwenyewe. Asiye na kitambulisho chochote kinachokubalika hupewa cheti cha mpigakura bila malipo. Kujiandikisha kwenye daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, na vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku.