Uraia pacha wa waigizaji nyota: yanayosemwa vijiweni Kigoma na sheria inavyosema

Lupita Nyong'o ni Mkenya na ni raia wa Meksiko, vyote kwa wakati mmoja, na hakuna sheria anayoivunja kwa hilo. Naanza na jibu kwa sababu swali lenyewe halikauki hapa Kigoma. Filamu yake ikiwekwa kwenye kibanda umiza cha Mwanga au Ujiji, atatokea mtu wa kusema huyu dada ni wetu wa Afrika Mashariki, mwingine ambishie kwamba ni Mmeksiko, na wa tatu aape kuwa Wamarekani walishamchukua zamani.

Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya kulijali jambo la uraia kuliko Watanzania wengi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Burundi tunapakana nayo kwa nchi kavu. Kijana wa Kasulu au Buhigwe akienda kuomba kitambulisho cha taifa anajua kuwa ataulizwa habari za babu na bibi yake, walizaliwa wapi na walizikwa wapi. Maneno ya kubahatisha juu ya uraia yana gharama huku kwetu, hata yanapoanzia kwa mwigizaji wa mbali.

"Hawa wanapewa uraia kwa sababu ni mastaa"

Tuendelee na Lupita huyo huyo. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Sheria ya Meksiko inamhesabu kuwa raia kila anayezaliwa ndani ya nchi, na sheria ya Kenya inamhesabu kuwa raia mtoto wa Mkenya hata akizaliwa nje. Alizaliwa nazo zote mbili, wala hakuna aliyemzawadia. Oscar yake aliipokea tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, na Meksiko alikuwa nayo tangu siku ya kuzaliwa.

Kilichobadilika katikati ni sheria ya Kenya. Katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi nyingine pamoja na wa Kenya. Katiba mpya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, ndiyo iliyosema kuwa Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine, na waliokuwa wameupoteza wakaruhusiwa kuomba kuurejesha. Ruhusa hiyo ilimgusa muuguzi Mkenya anayefanya kazi Uingereza sawasawa na ilivyomgusa mwigizaji.

Mfano wa Charlize Theron unaonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Alizaliwa Benoni, Afrika Kusini, mwaka 1975. Mwaka 2007 akawa raia wa Marekani, na wa Afrika Kusini akabaki nao. Watu wakiona hivyo husema bila shaka wakubwa walimbeba. Lakini sheria ya Afrika Kusini ya wakati ule ilitoa njia kwa kila mtu: kabla ya kuchukua uraia wa nchi nyingine, uombe kwanza idhini ya kubaki na wa nyumbani. Asiyeomba alipoteza uraia papo hapo, bila barua wala taarifa, na wapo waliokuja kuligundua hilo baada ya miaka, walipokwenda kuomba pasipoti mpya. Watu wa kawaida waliumia kwa kutokujua fomu moja. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikibatilisha kifungu hicho Mei 2025, ikaamua kuwa walioathiriwa hawakuwa wamepoteza kitu. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulichelewa mno.

"Mtu ni raia wa mahali alipozaliwa"

Dhana hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu ina ukweli nusu. Nicole Kidman tunamjua kama Mwaustralia, lakini alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1967. Wazazi wake walikuwa Waaustralia. Kwa ardhi akawa Mmarekani, kwa wazazi akawa Mwaustralia. Elizabeth Taylor alipita njia hiyo kinyume chake: alizaliwa London mwaka 1932 kwa wazazi Wamarekani, akawa na nchi zote mbili tangu utotoni, na ndiyo maana mtu aliyekulia na kung'ara Hollywood aliweza kupewa na Malkia Elizabeth, mwaka 2000, heshima ya kuitwa Dame kama raia wa Uingereza.

Sasa mchukue mtoto anayezaliwa leo katika hospitali ile ile ya London, kwa wazazi walio safarini. Hapati uraia wa Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1983 sheria ya huko inataka mzazi mmoja awe Mwingereza au awe na ukaazi wa kudumu. Australia ilifunga mlango kama huo mwaka 1986. Kwa hiyo anayekwambia kuwa mwigizaji fulani ni raia wa mahali fulani kwa kuwa kazaliwa hapo, muulize kazaliwa mwaka gani na wazazi wake walikuwa nani. Bila mambo hayo mawili, anabahatisha.

Na hapa kwetu? Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 imeandikwa kwa maneno mapana kuhusu anayezaliwa nchini, ila kwa vitendo kinachoangaliwa ni mzazi: angalau mmoja awe Mtanzania. Mtoto wa wakimbizi aliyezaliwa Nyarugusu hawi Mtanzania kwa kuzaliwa kambini tu. Wengi wanalichanganya hili, hata waliosoma.

"Akiolewa na mzungu, tayari"

Meghan Markle ndiye jibu zuri kuliko yote. Alikuwa mwigizaji wa tamthilia, Mmarekani, akaolewa na Prince Harry mbele ya dunia nzima tarehe 19 Mei 2018. Kama ndoa ingekuwa inatoa uraia kwa yenyewe, basi ndoa ile ya ikulu ingetoa. Haikutoa. Ilibidi apitie utaratibu wa viza na ukaazi kama mke yeyote wa Mwingereza, na kabla miaka ya kuomba uraia haijatimia familia ikahamia Marekani mwaka 2020. Watoto ndio wana habari tofauti: binti yao Lilibet alizaliwa California mwaka 2021, akawa Mmarekani kwa ardhi na Mwingereza kwa baba.

Kwa sheria ya Tanzania, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Lazima aombe. Mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania hana njia hiyo, anaomba kama mgeni mwingine yeyote. Sioni haki katika tofauti hiyo, na dada zetu wa Kigoma walioolewa na wanaume wa Uvira na Bujumbura wanaibeba kila siku.

"Ukiapa kuwa Mmarekani umeikana nchi yako"

Kiapo cha Marekani kweli kina maneno mazito ya kuachana na utii kwa nchi nyingine yoyote. Emily Blunt, Mwingereza, alikiapa mwaka 2015. Sandra Oh, Mkanada, alikiapa mwaka 2018. Kim Cattrall alizaliwa Liverpool, akakulia Kanada, na mwaka 2020 akaongeza Marekani. Wote walisema maneno yale.

Hata hivyo anayeamua kama umeacha kuwa Mwingereza ni Uingereza, kwa utaratibu wake, kwenye ofisi zake. Kanada vivyo hivyo. Nchi hizo hazihesabu kiapo cha Marekani kuwa ni kujitoa, wala Marekani haimdai mtu arudishe pasipoti ya zamani.

Lakini Mtanzania asiuchukue mfano huo akaenda nao. Kwetu, mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania. Kiapo kile kile alichokiapa Blunt bila kupoteza kitu, dada wa Kigoma akikiapa kinamtoa kwenye orodha ya raia. Nimesikia watu wakishauriana kuchukua pasipoti ya pili kimya kimya kwa kuwa wanaona nyota wanazo mbili. Nawasihi wasifanye. Nyota wale wana mbili kwa sababu sheria za nchi zote mbili zinakubali.

Kodi, ubalozi na mengine yanayosemwa kwa haraka

Kwamba wanachukua uraia wa pili ili wakwepe kodi: kwa Marekani ni kinyume kabisa. Marekani humdai raia wake taarifa ya mapato popote anapoishi duniani, hata kama hajakanyaga kule kwa miaka. Kuongeza uraia huo ni kujiongezea makaratasi. Tina Turner, mwimbaji aliyeigiza pia, alipopata uraia wa Uswisi mwaka 2013 aliuachia wa Marekani.

Kwamba ukiwa na nchi mbili, ukikamatwa katika moja, nyingine itakuja kukutoa: usitegemee. Kanuni ya zamani, iliyoandikwa katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930, ni kwamba nchi haiwezi kumkingia kifua raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Ukiwa ndani ya nchi yako, wewe ni wa hapo.

Kwamba mwigizaji hawezi kufanya kazi nje bila uraia wa huko: si kweli hata kidogo. Waigizaji wengi mno unaowaona katika filamu za Marekani wanafanya kazi kwa viza za kazi. Binti wa Kigoma akiitwa kuigiza Nairobi au Kigali anahitaji pasipoti ya kwetu iliyo hai, mkataba, na kibali cha kazi kinachoshughulikiwa na anayemwajiri. Uraia wa Kenya hauhitaji.

"Mwenye asili ya huku ni raia wa huku"

Hapa ningependa tukae zaidi, maana ndipo habari za nyota zinapogusa maisha yetu.

Florence Kasumba alizaliwa Kampala na kukulia Ujerumani. Danai Gurira alizaliwa Marekani kwa wazazi Wazimbabwe, akakulia Harare. Magazeti huwaandika kwa majina ya nchi mbili zilizoungwa, na msomaji anahitimisha kwamba kila mmoja ana pasipoti mbili kabatini. Maelezo hayo yanataja walikotoka na walikolelewa. Pasipoti ni habari nyingine, na asili peke yake haiithibitishi.

Huku kwetu kosa hilo hufanywa kinyume, na linaumiza. Mtu anaitwa Mrundi kwa lafudhi ya Kiha, anaitwa Mkongo kwa kuwa ukoo wake ni wa Kimanyema, wakati babu yake alikuwa Ujiji kabla ya uhuru na yeye mwenyewe hajawahi kuwa na nchi nyingine. Anatendewa kama mwenye uraia pacha wakati ana mmoja tu, na huo mmoja anautolea ushahidi kila anapoomba huduma. Lafudhi si cheti. Sura si cheti.

Wapo pia waliolazimika kuchagua. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo. Zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwishoni mwa mwaka 2014. Sharti lilikuwa kuukana uraia wa Burundi. Kwa hiyo binti wa Ulyankulu akitokea kuwa nyota wa filamu kesho, atakuwa Mtanzania kamili mwenye asili ya Burundi, na atakuwa na nchi moja. Asije mtu akamwandika kuwa ana mbili.

Majirani zetu nao hawafanani. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinaruhusu uraia wa nchi mbili kwa masharti yao. Kongo hairuhusu: katiba yake ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Tanzania hairuhusu kwa watu wazima, ingawa hoja hii imezungumzwa sana, ikiwemo wakati wa Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014. Hadhi maalum inayotajwa kwa ajili ya Watanzania wa ughaibuni na vizazi vyao inahusu mambo kama kuingia nchini na kumiliki mali. Si uraia, na haimpi mtu kura.

Mtoto sheria yetu inamvumilia akiwa na nchi mbili. Mama Mtanzania wa Kibondo, baba Mrundi, mtoto anaweza kuwa na zote. Akifika miaka 18 Burundi haimlazimishi kuchagua, Tanzania inamlazimisha: aukane ule mwingine ndipo aendelee kuwa Mtanzania. Watoto wa wasanii wetu wanaozaliwa Marekani, ambao picha zao tunazipenda mitandaoni, watafika kwenye mlango huo huo. Familia zenye mtoto wa namna hii zisingoje aombe mkopo wa chuo ndipo zianze kutafuta. Cheti chake cha kuzaliwa, cha mzazi Mtanzania na kitambulisho cha taifa cha mzazi huyo viwe pamoja mapema, na ofisi ya uhamiaji ya wilaya iulizwe wakati mtoto bado yuko sekondari, ili muda wa kuchagua ukifika asikute siku zimempita.