Kaki: maana yake, asili yake na wenzake katika Kiurdu

Ukitumwa dukani kununua bahasha ya kaki, muuzaji hakuulizi ni ya rangi gani. Bahasha hiyohiyo ikitajwa kwa kunong'ona ofisini, kila mtu anajua ndani yake mna nini. Neno hili tulilipata kwa Waingereza, nao wakalitoa katika Kiurdu, ambacho nacho kilikuwa kimelikopa Kiajemi.

Shina lake ni khak, yaani udongo au vumbi. Likiongezwa -i mwishoni huwa khaki: -a udongo, -enye rangi ya vumbi. Kwa namna hiyohiyo Kiarabu kilipata "Swahili" kutoka sawahil, pwani.

Kuingia kwake katika Kiingereza ni habari ya kijeshi. Mwaka 1846, huko Peshawar, mji ulio katika Pakistani ya leo, Waingereza waliunda kikosi kilichoitwa Guides chini ya Harry Lumsden. Jeshi lao wakati huo lilijulikana kwa makoti mekundu, yanayoonekana kutoka mbali na yasiyovalika katika joto lile. Lumsden akawavika askari wake nguo nyepesi zilizotiwa rangi ya vumbi la nchi yenyewe. Yalipozuka maasi ya India mwaka 1857, vikosi vingine vikaiga kwa haraka kwa kuchovya sare nyeupe katika chai, kahawa, hata matope. Bila shaka kila kikosi kilikuwa na kaki yake!

Kisha zikaja bunduki zinazopiga mbali, na baruti isiyotoa moshi. Kuvaa nyekundu vitani kukawa sawa na kujipeleka kaburini. Katika vita vya Makaburu, vilivyoanza 1899, kaki ilikuwa ndiyo sare, na uchaguzi uliofanyika Uingereza mwaka 1900 huku vita hivyo vikiendelea ukaitwa uchaguzi wa kaki. Huku kwetu ilivaliwa na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na machifu wa Kenya hawajaivua mpaka leo.

Katika Kiingereza cha sasa neno hili lina maana ya rangi, kitambaa kigumu cha pamba, au sare. Likiwa katika wingi, hasa Marekani, ni suruali za pamba za kuvaa kazini pasipo tai. Hata rangi hawakubaliani: Mmarekani hufikiria mchanga, Mwingereza mara nyingi hufikiria kijani cha zeituni.

Anayetaka kulirudisha neno katika Kiurdu basi achague. Kwa sare, khaki yenyewe inatosha: khaki wardi ni sare ya kaki, na katika magazeti ya Pakistani "khaki" peke yake humaanisha jeshi, hasa jeshi linapoingilia siasa. Kwa rangi tu kuna matyala, kutoka mitti, udongo. Ni rangi ya maji yaliyovurugika. Bhura ni kahawia ya kawaida, haina vumbi ndani yake.

Lakini utajiri wa neno uko upande ambao Waingereza hawakuugusa. Katika Kiurdu mwanadamu ni khaki kwa kuwa ameumbwa kwa udongo, malaika ni nuri, wa nuru, na jini ni nari, wa moto. Msomaji yeyote aliyepita madrasa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mtu mnyenyekevu ni khaksar, aliye kama vumbi, na wazee wenye adabu hujiita hivyo badala ya kusema "mimi". Marehemu akizikwa, magazeti huandika supurd-e-khak, amekabidhiwa udongo. Kuchekecha khak ni kuzurura ukitafuta usichokipata. Na ukiambiwa "utaelewa khak", umeambiwa hutaelewa chochote.

Liko pia tunda la rangi ya chungwa linalouzwa Ulaya kwa jina la kaki. Hilo jina ni la Kijapani, wala halina undugu na udongo wa Peshawar.