Wosia Kenya: yanayosemwa na watu na yanayosemwa na sheria

Dhana: Wosia bila wakili na mhuri ni karatasi tupu.
Sheria ya Urithi, kifungu cha 11, haidai wakili wala mhuri. Inadai saini au alama ya mwenye mali, na mashahidi wawili ambao kila mmoja amemwona akitia saini, kisha naye akatia yake mbele ya mwenye mali. Si lazima waje pamoja. Wosia nyingi huharibikia hapa: mzee anamaliza kuandika, anamwita mkewe ashuhudie kwa kuwa ndiye aliye karibu. Wosia unasimama, lakini alichoachiwa mke kinabatilika, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasiorithi. Mume au mke wa shahidi naye hupoteza fungu vivyo hivyo. Waite majirani.

Dhana: Neno la marehemu linatosha.
Wosia wa mdomo hukubalika ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, na msemaji afe ndani ya miezi 3. Akiishi mwezi wa nne, hakuna wosia.

Dhana: Wosia unagawa kila kitu.
Akiba ya SACCO hulipwa uliyemtaja kwenye fomu yao. Ulijaza jina la mama kabla hujaoa? Mjane atarudi mikono mitupu, hata wosia useme vingine. Kairekebishe fomu hiyo wiki hii. Na ukishaoa au kuolewa, andika wosia upya: ndoa hufuta wa zamani, ila ulioandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo.

Dhana: Bila wosia, mke hurithi vyote.
Mke akifiwa na mume na kuna watoto, vyombo vya nyumbani ni vyake kabisa, gari halimo. Mali iliyobaki huitumia maisha yake yote, lakini hauzi shamba bila idhini ya mahakama. Baada yake watoto hugawana sawa, binti aliyeolewa akiwemo, na hapa ndipo ndugu wengi wa kiume huwadhulumu dada zao. Mirathi ya Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu.

Dhana: Aliye na PIN ya marehemu anaweza kutoa pesa.
Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakiita kitendo hicho kuingilia mali ya marehemu: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili, na fedha utazijibia kwa msimamizi halali. Ombeni kwanza hati ya usimamizi mahakamani; pasipo wosia, anzeni kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote.