Rowan hutamkwaje, na limeenea kiasi gani?

Wengi huamini kwamba Rowan, jina wanalopewa wavulana na wasichana, lina tamshi moja tu sahihi, na kwamba ukitupia jicho orodha ya majina utajua papo hapo limeenea kiasi gani. Imani hiyo inaeleweka. Jina likishaandikwa huonekana kama limefungwa.

Tuanze na sauti. Kuna mti wa Ulaya uitwao rowan, wenye vitunda vyekundu vinavyoning'inia vichala vichala. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza huutamka "Ro-an", lakini Uskoti utasikia sana "Rau-an". Kamusi nzuri ya Kiingereza huweka yote mawili. Jina hili huhusishwa pia na Ruadhán la Kiayalandi, yaani "mwekundu mdogo". Basi anayekusahihisha huenda anakupa tu tamshi la kwao. La mtoto mwenyewe ni lile la nyumbani. Uliza.

Umaarufu ndio hupotosha zaidi. Orodha za serikali ya Marekani, zenye takwimu tangu 1880, hutenganisha wavulana na wasichana, na kila tahajia huhesabiwa peke yake. Rowan la kiume lina nafasi yake, la kike yake, na Rowen liko kwingine kabisa. Ukitaka picha kamili, jumlisha idadi ya watoto, si nafasi: nafasi ya 100 na ya 200 hazijumlishiki. Tena, jina walilopewa watoto wasiofika 5 kwa mwaka halionyeshwi, kwa hiyo kutoliona si ushahidi kwamba halipo.