Murphy: jina moja, koo nyingi

Mtu wa jina la Murphy akiniuliza asili yake, kwanza namuuliza mimi: wazee wako walitoka kaunti gani ya Ireland? Bila kujua hilo siwezi kumweleza zaidi ya maana ya jina.

Maana yenyewe iko wazi. Murphy ni Ó Murchadha lililoandikwa Kiingereza, yaani mzao wa Murchadh. Mac, kiambishi kingine cha majina ya Kiayalandi, humtaja baba, kama "bin" yetu. Ó hurudi nyuma hadi babu na zaidi. Murchadh lilikuwa jina la mtu, lenye muir, bahari, na cath, vita: mpiganaji wa baharini.

Sasa, majina ya ukoo yalipoanza kushika Ireland, karne ya 10 na 11, akina Murchadh walikuwa wengi, na kila mmoja aliweza kuacha wazao wa kujiita kwake. Ndiyo maana wapo Murphy wa Wexford, wa Cork na wa Roscommon wasio na babu mmoja. Kaskazini, Tyrone na Armagh, wengine walikuwa Mac Murchadha, nao wakaishia kuandikwa Murphy vilevile. Kwa makadirio yaliyotokana na watoto waliosajiliwa kuzaliwa mwaka 1890, akina Murphy wote walifika 62,600, wengi kuliko wenye jina lingine lolote nchini. Kwa hiyo napinga kabisa zile nembo za "ukoo wa Murphy" wanazouziwa watalii. Ukoo upi?

Wa Wexford ndio ninaowapenda zaidi kuwafuatilia. Hao ni wa Uí Cheinnselaigh, kundi la koo lililomtoa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster aliyefukuzwa mwaka 1166 akatafuta msaada kwa Wanormani. Tawi la machifu wao limebaki na umbo la O'Morchoe. Padre John Murphy wa Boolavogue, aliyeongoza waasi mwaka 1798 na kunyongwa Tullow, alikuwa mtu wa kaunti hiyohiyo.

Ukitaka kutafuta wako, moto wa mwaka 1922 katika hifadhi ya nyaraka mjini Dublin uliteketeza kumbukumbu nyingi mno. Lakini sensa za 1901 na 1911 zimesalia, na zinasomwa bure mtandaoni. Usitafute kwa jina tupu: tafuta kwa kaunti na kitongoji, kisha linganisha majina ya watoto, umri na kazi ya baba. Kwa Cork hasa, bila kitongoji utakutana na akina John Murphy usioweza kuwatenganisha.