Programu ya ziada si lazima iwe virusi

Katika vibanda vya Birere, Goma, kompyuta ikianza kufungua ukurasa wa kutafutia usioujua, fundi na mteja husema neno moja: virusi. Mara nyingi si hivyo. Ni programu ya ziada iliyoingia kwa ruhusa, imefungashwa pamoja na ile ya bure uliyoitaka, ndiyo maana antivirusi huweza kunyamaza: kwake, mwenye mashini amekubali.

Nyuma yake kuna pesa. Anayekupa programu ya bure hulipwa kila programu ya mwenzake inapoingia kwako. Na si wahuni tu: Java, programu ya kampuni kubwa ya Oracle, ilibeba upauzana (toolbar) wa Ask, tovuti ya kutafutia, kwa miaka kadhaa, kisanduku kikiwa kimeshatiwa tiki.

Unaposakinisha, mtego uko kwenye kubofya «Suivant», «Suivant» (Endelea) bila kusoma. Mashini zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, basi chagua «Personnalisée» (kujichagulia mwenyewe), maana ndipo visanduku vilipofichwa. «Accepter» (Kubali) nayo isome vizuri: huenda inahusu programu nyingine kabisa, huku «Refuser» (Kataa) imepakwa kijivu uidhanie imezimwa. Ibonyeze, inafanya kazi. (Ujanja huu unaniudhi kuliko virusi vyenyewe.)

VLC, programu ya kuchezea video, ichukue videolan.org, si kwenye tangazo la kwanza unaloliona. Kama mgeni ameshaingia, mwondoe kwenye orodha ya programu za Windows, kisha kagua viendelezi vya kivinjari. Huko ndiko hubaki, akila mega zako.